Shilingi ya Kenya si ya kuigawia kichwani: funzo la mzigo wa vitunguu



Leo sizungumzii mbolea wala dawa. Nazungumzia kosa langu mwenyewe, maana nikilificha wengine watalirudia.

Kikundi kimoja cha wakulima wa vitunguu huku Mang'ola, Karatu, kilipata mnunuzi Nairobi, upande wa Kenya. Makubaliano yalikuwa mzigo upelekwe hadi kwake na alipe kwa shilingi ya Kenya. Wakaja kwangu: "Bwana shamba, tufanyie hesabu, tumwambie kilo bei gani?" Nikatoa simu, nikatafuta kiwango, nikagawanya, nikawapa jibu. Dakika mbili kazi imeisha, nikajiona mtaalamu.

Hesabu ilikuwa hivi (namba nimezilainisha kidogo ili ufuatilie vizuri). Ukijumlisha gharama za shamba, magunia, vibarua, usafiri na faida, walihitaji Tsh 1,150 kwa kilo. Simu ilisema Ksh 1 ni Tsh 20. Ukigawanya unapata Ksh 57.5. Nikasema hiyo nusu tuiache, andikeni 57. Mzigo ulikuwa kilo 6,000.

Hela ikalipwa, Ksh 342,000. Walipokwenda kubadilisha, wakakuta shilingi ya Kenya inanunuliwa kwa Tsh 19.2, siyo 20. Wakapata Tsh 6,566,400. Walitarajia Tsh 6,900,000. Yaani 333,600 imeyeyuka, na hakuna mtu aliyewaibia. Nimewaibia mimi kwa simu yangu.

Tuangalie ilivyopotea. Ile nusu shilingi niliyoidharau, ukiizidisha kwa kilo 6,000 ni Ksh 3,000, sawa na Tsh 57,600. Iliyobaki, Tsh 276,000, imeliwa na tofauti ya kiwango. Simu hukupa kiwango cha katikati. Lakini anayebadilisha fedha ana bei mbili, ya kununua na ya kuuza, na anaishi kwa hiyo tofauti. Wewe unamuuzia hela ya Kenya, kwa hiyo utapata bei yake ya kununua, ile ya chini. Hata viwango vinavyotangazwa na Benki Kuu ni vizuri kuvijua, ila vichukue kama kipimo tu, siyo hela utakayowekewa mkononi.

Ningegawanya 1,150 kwa 19.2 ningepata karibu 59.9. Tungesema Ksh 60, na kikundi kingerudi na Tsh 6,912,000. Shilingi tatu tu za Kenya kwa kilo!

Sasa hapa ndipo nina maoni yangu, na najua vijana wa TEHAMA wengine hawatayapenda. Siku hizi kila mtu anatengeneza programu ya bei za mazao. Hongereni. Lakini nyingi nilizoziona zinafanya kama nilivyofanya mimi: namba moja, gawanya, maliza. Mdogo wangu anayesomea mambo hayo alinionyesha kwamba kazi hii imeshafanywa. Kuna maktaba za programu, yaani vipande vilivyokwisha andikwa ambavyo mtengenezaji anavichomeka kwenye kazi yake. Mojawapo inaitwa Joda-Money. Humo fedha haiwi namba tupu, ni namba pamoja na jina la sarafu: TZS, KES, UGX. Ukijaribu kujumlisha shilingi ya Tanzania na ya Kenya inakukatalia hapo hapo. Pia inajua kwamba shilingi ya Uganda haihesabiwi kwa senti, na ukitaka kukata desimali inakulazimisha useme unakata kwenda juu au chini.

Nilipoona hivyo nilinyamaza. Mashine inakataa kosa ambalo mimi mwenye diploma nililifanya nikitabasamu. Kwa hiyo kijana, usijitungie hesabu za fedha upya. Tumia kilichojaribiwa na wengi, halafu nguvu zako peleka kwenye kumsikiliza mkulima.

Ila na wewe mkulima usibweteke. Hakuna programu inayojua nani atakubadilishia hela na kwa bei gani. Hilo ni lako. Kabla ya kutaja bei, fanya haya:

1. Piga gharama zote kwa shilingi yetu kwanza, kwa kilo. Siyo kwa gunia, maana lumbesa ndiyo inakotupotezea.
2. Uliza bei ya kununua kwa yule utakayebadilisha kwake kweli. Gawanya kwa hiyo.
3. Ukikata desimali, kata mara moja tu mwishoni, na kata kwenda juu. Wewe ndiye muuzaji.
4. Andika sarafu, kiwango na tarehe kwenye makubaliano. "Sitini" peke yake siyo bei.
5. Weka siku ya mwisho ya bei hiyo. Kiwango kikihama, mnakaa tena.

Na mnunuzi akikufuata hapa hapa shambani, taja bei kwa shilingi ya Tanzania. Kanuni za mwaka 2025 zinakataza kutangaza bei au kulipana kwa fedha za kigeni hapa nchini. Wengine wanaona ni usumbufu, mimi naona ni nafuu kwa mkulima: mzigo wa kubadilisha hela unabaki kwa mnunuzi.

Kikundi kile nilikwenda nikawaomba radhi. Mama mmoja mweka hazina aliniambia, "Mwanangu, vitunguu tunapima kwa mizani, kwa nini hela tulipima kwa macho?" Sikuwa na jibu. Msimu unaofuata tunakaa na daftari kabla ya kutaja bei.

Kazi njema shambani.