TUPIME KABLA YA KUNUNUA TAIRI

Sisi wa reli twajua maana ya kipimo. Njia ya zamani itokayo Mombasa ina upana wa milimita 1000; ikipanuka, behewa hutoka relini. Lakini baadhi yetu tuna motokaa nyumbani ambazo magurudumu yake ya mbele hayajapimwa hata siku moja. Tairi zaliwa upande mmoja, nasi twanunua nyingine kwa pesa ya chakula cha watoto.

Kazi hii twaweza kuifanya uani. Kwanza tutazame upepo wa tairi, na viungo vya usukani visiwe vimelegea. Motokaa ikae mahali tambarare, usukani umenyoka. Tuvute nyuzi mbili, moja kila ubavu, zilizo sambamba, kwenye kimo cha katikati ya gurudumu. Tupime kutoka uzi hadi rimu, mbele yake na nyuma yake. Tofauti sahihi imeandikwa katika kitabu cha motokaa. Mara nyingi ni milimita chache tu. Tulegeze nati za tairodi, tuzizungushe kidogo kidogo, pande zote mbili sawasawa, tuisukume motokaa mbele, tupime tena. Mwishowe tukaze nati. Nati iliyosahauliwa huua.

Asiingie mtu chini ya motokaa iliyoshikwa na jeki peke yake. Na gurudumu lililoinama kichwa, hilo lipelekwe kwa fundi mwenye mashine.

Mwenye spana asimnyime mwenzake. Umoja wetu si wa siku ya mkutano tu.