Tamko Kuhusu Rufaa za Wagonjwa Waliopoteza Fahamu

Sisi, wauguzi na madaktari wa vyumba vya wagonjwa mahututi nchini Tanzania, tunatoa tamko hili kwa niaba ya mgonjwa asiyeweza kujisemea: aliyeumia kichwa kwa ajali ya bodaboda, aliyepigwa na kiharusi, mtoto mwenye malaria kali ambaye degedege halikatiki.

Ubongo hauna akiba ya oksijeni. Aliyezimia akilazwa chali, ulimi hurudi nyuma, matapishi huingia mapafuni, na dakika chache za kukosa hewa huharibu hata kile kilichosalimika. Kwa hiyo matibabu yake hayaanzi katika hospitali kubwa za Muhimbili wala Bugando. Huanza pale alipopokelewa kwanza, na hayapaswi kukatika njiani. Njiani ndiko tunakowapoteza wengi. Mgonjwa hupakiwa garini na karatasi ya rufaa, ndugu kashika dripu, muuguzi hayupo.

Tunataka mgonjwa asiye na fahamu asitolewe hospitali yoyote bila muuguzi anayejua kulinda njia ya hewa, oksijeni ya kutosha safari nzima, mfuko wa kupumulishia na mashine ya kufyonza makohozi. Kwanza apimwe sukari, maana ikishuka sana humlaza mtu ukadhani ni kiharusi. Degedege lililozidi dakika 5 litibiwe hapohapo, lisingojee rufaa. Fahamu zake zipimwe kwa kipimo cha Glasgow, alama 3 hadi 15, na ziandikwe, ili anayempokea ajue kama anapata nafuu au anazidiwa. Mwenye alama 8 kushuka chini, pumzi yake iko hatarini hata kama anaonekana amelala tu.

Tutajibiwa kuwa vifaa havitoshi. Ni kweli, na Serikali tunaidai bajeti hiyo. Lakini mwaka 1952 mjini Copenhagen, polio ilipopooza misuli ya kupumua na mashine zikawa chache mno, daktari Bjørn Ibsen alielekeza wagonjwa wapumulishwe kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari walipokezana kubinya mifuko usiku na mchana, na vifo vikapungua sana. Mtu wa kukaa na mgonjwa hawezi kuwa jambo la kusubiri bajeti ijayo.

Kwa ndugu: mlazeni ubavu, ila aliyegongwa au kuanguka shingo yake isipindishwe. Msimnyweshe maji wala uji. Msimtie kijiko mdomoni.