Msione Haya Mtoto Akichora

Kila mwaka vijana wetu kadhaa hupata nafasi katika vyuo vidogo vya Marekani, na karibu wote huondoka nyumbani na wosia mmoja: kasome kitu chenye ajira. Wosia huo una haki yake, maana karo ni kubwa na wadogo wanasubiri zamu. Lakini vyuo hivyo humruhusu mwanafunzi, pamoja na somo lake kuu, kuongeza somo dogo, mara nyingi kozi tano au sita tu katika miaka minne. Nasema somo hilo dogo na liwe sanaa ya mikono: kuchora, kufinyanga, kuchapa picha.

Atatokea mzazi aulize: yaani nimeuza shamba mwanangu akachore maua? La, mzee wangu. Kazi ya mwanzo aghalabu ni kiti kikuukuu katikati ya chumba. Mwanafunzi hukichora kiti anachokijua kichwani, chenye miguu minne iliyo sawa. Mwalimu humrudisha: acha kiti, chora uwazi ulio kati ya miguu yake. Hapo ndipo kijana anapogundua kwamba hakuwa akitazama. Saa tatu zinakwisha, vidole vyeusi kwa makaa, kisha karatasi zote zinabandikwa ukutani na kila mmoja anaonyeshwa kasoro zake mbele ya wenzake. Anajifunza kutazama kabla ya kuamua, na kukosolewa bila kununa. Nitajieni mhasibu au mhandisi asiyehitaji mambo hayo mawili.

Santiago Ramón y Cajal wa Hispania alitaka kuwa mchoraji. Baba yake, aliyekuwa tabibu, akamvuta kwenye udaktari. Mkono haukusahau. Michoro yake ya chembe za neva, aliyoichora akitazama kwa hadubini, ilisaidia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1906, na hadi leo wanasayansi huirejea. Na kwetu hapa, Sam Ntiro, mchoraji aliyesomea Makerere, ndiye aliyepelekwa London kuiwakilisha Tanganyika baada ya uhuru. Brashi haikumzuia.

Kwa nini chuo kidogo? Kwa sababu katika vyuo vikuu vingi vikubwa nafasi za karakana huanza na wanaosomea sanaa, wengine wakabaki kusubiri. Kwenye chuo kidogo mlango u wazi zaidi, na mwalimu anakujua kwa jina. Chuo cha Black Mountain, huko North Carolina, kilichoanzishwa mwaka 1933, kiliweka sanaa katikati ya masomo ya wote. Josef Albers, mwalimu mkali kwelikweli, alisema kazi yake ni kufumbua macho, wala si kutengeneza wasanii. Fedha zilikiishia chuo hicho mwaka 1957. Wanafunzi wake bado wanatajwa.

Sisemi kozi sita zitamfanya mtu fundi. Hazitamfanya. Na anayekimbilia kuchora akitafuta alama za bure asijisumbue: kazi hizi hula usiku mzima, na karatasi na rangi mara nyingi hununuliwa kwa fedha ya mwanafunzi mwenyewe.

Basi wewe unayefunga mizigo, usingoje mwaka wa nne. Jiandikishe darasa la kuchora muhula wa kwanza, kabla ratiba haijajaa. Nanyi wazazi, akiwapigia simu kuwaarifu, msimkemee. Mwambieni awatumie picha ya kile kiti.