Pilau ya Mgombea
Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Tanzania ilibatilisha vifungu vya sheria ya uchaguzi vilivyoruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Vifungu vikaondoka, mazoea yakabaki. Bado tunajazana uani kwa mpambe wa mgombea, pilau inapakuliwa, khanga zinagawiwa, noti ya elfu tano inapenyezwa kiganjani. Kisha tunalalamika zahanati haina dawa. Mgombea huyo hatoi sadaka. Fedha zake zitarudi kupitia zabuni, kupitia saruji iliyopunjwa kwenye darasa la watoto wetu. Wezi wafungwe, wala sitawaombea huruma. Ila tuliokula, tukamzomea aliyekuja na hoja tupu bila bahasha, wizi huo tuliubariki. Safari hii tumuulize mgombea hadharani, sufuria ikiwa bado jikoni: fedha hizi umezitoa wapi?