Namba zisituzuie kusoma makala zenyewe
Ndugu mwandishi, katika uchambuzi wako, hapo ulipoiita h-indeksi (h), ile namba inayotokana na manukuu ya makala za mtafiti, kipimo cha ubora, sikubaliani nawe. Jorge Hirsch alipoipendekeza mwaka 2005 alianzia kwa wanafizikia wenzake. Chukua mtafiti mwenye makala tano zilizonukuliwa mara 10, 8, 5, 4 na 3. h yake ni 4, maana makala nne zimenukuliwa angalau mara nne kila moja. Sasa ile ya kwanza hata ikinukuliwa mara 1,000, h inabaki 4 ileile! Tena haishuki, hata mtu akiacha utafiti kabisa.

Linaloniuma zaidi ni lugha. Scopus na Web of Science huhesabu manukuu kutoka machapisho yaliyomo kwenye kanzidata zao, na mengi mno ni ya Kiingereza. Mtu akiandika makala nzuri ya isimu kwa Kiswahili, ikatumiwa na walimu Dodoma na Mombasa, kule huenda isionekane hata kidogo. Google Scholar hukusanya zaidi, lakini nayo huokota hata kazi zisizopitiwa na wataalamu.

Ilani ya Leiden ya mwaka 2015 kuhusu vipimo vya utafiti ilishalisema: takwimu zisaidie tathmini ya wataalamu, zisichukue nafasi yake, na utafiti wenye manufaa ya mahali ulindwe. Kamati zetu za kupandisha vyeo zisome walau makala mbili tatu za kila mwombaji kabla ya kufungua jedwali la namba.