PrEP itolewe chumba kile kile cha kliniki ya wajawazito

Mjamzito anapofika kliniki mara ya kwanza, iwe ni Msambweni, Diani, Tiwi au Kinango, mojawapo ya vipimo anavyofanyiwa ni cha HIV. Akipatikana na virusi, njia yake inajulikana: anaanzishiwa dawa, anafuatiliwa na mtoto analindwa. Je, yule anayeambiwa hana? Mara nyingi anapongezwa, kitabu cha kliniki kinaandikwa, stori inaishia hapo.

Haifai iishie hapo. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018, uliofuatilia wapenzi katika nchi kadhaa za Afrika ambapo mmoja ana virusi na mwenzake hana, ulionyesha kuwa hatari ya mwanamke kuambukizwa huongezeka kadiri mimba inavyokua, na huwa juu zaidi miezi ya kwanza baada ya kujifungua. Mama akiambukizwa wakati huo, virusi huwa vingi mwilini na ni rahisi kumfikia mtoto tumboni au kupitia maziwa. Na kwa kuwa kitabu chake kinasema hana, huenda asishtukiwe hadi apimwe tena.

Dawa ya kuziba pengo hilo ipo. PrEP ni kidonge kimoja kwa siku kwa mtu asiye na virusi. Kenya ilianza kukisambaza kitaifa Mei 2017, na Shirika la Afya Duniani linasema kinaweza kutumiwa na mjamzito na anayenyonyesha. Shida yetu ni jinsi kinavyomfikia mama.

Kisumu wametuachia somo. Kupitia mradi wa PrIYA, vituo 16 vilitoa PrEP ndani ya kliniki za mama na mtoto na za uzazi wa mpango. Kati ya zaidi ya wanawake 9,000 walioulizwa, takriban mmoja kati ya watano alikubali kuanza. Kwa hivyo tusiambiwe wanawake hawaitaki. Lakini wengi wa walioanza hawakurudi kuchukua dawa zaidi. Kazi kubwa ni kumsaidia mama aendelee.

Sasa fikiria mama wa Ukunda anayeambiwa PrEP iko upande wa pili wa hospitali, kwenye kliniki ya CCC wanakohudumiwa wanaoishi na HIV. Foleni ya pili, faili ya pili, na jirani ameketi pale kwenye benchi. Tuseme ukweli: Ukunda kila mtu anamjua mwenzake. Kabla hajafika nyumbani, habari zimetangulia. Wengi watapita mlangoni kama hawajaona.

Hata akiipata, anaishi na mama mkwe na mawifi. Chupa ya vidonge inayolia kama njuga mkobani inazua maswali, na anayeiona anadhani ni dawa za ARV. Mpeni mfuko wa kawaida, na mkimpa dawa mpeni pia maneno ya kujibu atakapoulizwa.

Halafu kuna nauli. Anayetoka bara ya Kinango au vijiji vya Lunga Lunga hawezi kulipa boda leo kwa kliniki na wiki ijayo kwa PrEP. Mtoto ana tarehe zake za chanjo: wiki 6, 10, 14, kisha miezi 9. Tarehe za dawa za mama zifuate hizo, na apewe za kutosha kumfikisha ziara inayofuata. Wahudumu wa afya wa jamii, ambao tayari hupita nyumba kwa nyumba, wamkumbushe bila kutangaza.

Wanaume nao wasiachwe nje. Pwani yetu ina wavuvi wanaokwenda dago kwa wiki nyingi na vijana wanaofuata kazi za hoteli msimu hadi msimu. Kusafiri si kosa, lakini wanandoa wanaoishi mbalimbali wanahitaji kupimwa wote wawili, na mwanamke asilazimishwe kusubiri ruhusa ya mume ndipo ajikinge.

Wakubwa wa kaunti wasikie hili pia. Mapema mwaka wa 2025 Marekani ilisimamisha misaada, kisha ikaruhusu PrEP inayolipiwa na fedha zake iendelee kwa wajawazito na wanaonyonyesha pekee. Msichana asiye na mimba aliachwa nje kwa uamuzi uliofanyika Washington. Afya imegatuliwa tangu 2013. Bajeti ya Kwale iwe na fungu lake la dawa hizi, badala ya kungoja barua kutoka ng'ambo.

Sindano ya lenacapavir inayodungwa mara mbili kwa mwaka inaleta matumaini. Ilipojaribiwa Afrika Kusini na Uganda, hakuna hata mmoja kati ya wanawake 2,134 waliopewa aliyeambukizwa. Lakini sindano nzuri ikiwekwa nyuma ya mlango ule ule wa aibu, itabaki kwenye rafu.

Wewe kijana unayesoma hapa, ukimsindikiza dada, mke au mpenzi kliniki, pimweni pamoja, kisha uliza: "PrEP mnatoa chumba hiki?" Jibu likiwa "nendeni kule ng'ambo", mwulize mwakilishi wadi wako ni kwa nini.