Diski Moja Si Ghala



Wengi wenu mmetuuliza kwa nini chama kisinunue diski moja kubwa, kikatia humo hesabu zote za mizani, mikopo na idadi ya mikarafuu, kisha madaftari yakaondolewa. Sisi twaona shauri hilo ni nusu jema, na nusu yake ya pili ni ya hatari.

Tulikwenda Nkoma, wilaya ya Itilima katika mkoa wa Simiyu, kuwatazama wakulima wa pamba. Huko ni mbali na bahari, wala hakuna mkarafuu hata mmoja, lakini ugomvi wa mizani ni ule ule wetu. Katika chama kimoja cha msingi tulisimuliwa kwamba karani alitia uzito wa pamba ya kila mtu katika diski, akaifungia ndani ya mtoto wa meza. Kompyuta ilipokufa, akaitoa diski yake bila wasiwasi. Ikalia ta, ta, ta, isifunguke. Kumbe iliwahi kumponyoka mkononi, naye akadhani i salama kwa kuwa haikupasuka. Waliokuwa na stakabadhi za karatasi walilipwa. Wengine walikuwa wamekwisha kuziwashia moto jikoni, wakabaki na maneno matupu.

Ndani ya diski ya namna hii mna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake karibu mno, nafasi yenyewe ni nyembamba kuliko unywele. Kishindo kimoja chatosha kuikwaruza sahani. Na hata isipoanguka, diski huchakaa kama chombo chochote chenye mtambo.

Kampuni ya Backblaze ya Marekani, yenye diski zaidi ya laki mbili, ilitangaza kwamba katika mwaka 2023 zilikufa kwa kadiri ya 1.4 katika kila 100. Mtu atasema hizo ni chache. Ni chache kwao, maana kazi yao ni kuweka akiba, na ikifa moja nyingine zipo. Tena zao hukaa katika vyumba vyenye ubaridi na umeme wa kutulia, si kando ya magunia ya makonyo. Mwenye diski moja, ikifa hiyo amekwisha.

Kwa hiyo twataka nakala tatu: moja ndani ya kompyuta, ya pili katika diski, ya tatu katika diski nyingine iwekwe nyumba mbali na ofisi. Msione kuwa huo ni woga. Beit al-Ajaib pale Unguja iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, na jengo lile ni imara kuliko ofisi yetu. Karani naye azifungue diski zote mbili kila mwezi mbele ya mjumbe mmoja, asome japo ukurasa mmoja. Diski isiyofunguliwa hujui kama imo hai.

Wapo watakaosema diski ya pili ni israfu. Nao wahesabu thamani ya gunia moja la karafuu lililopotea daftarini.

Madaftari yatabaki. Mwenye stakabadhi za msimu uliopita azilete kwa karani zinakiliwe, naye atarudishiwa siku ile ile.